Gobore Lililopimwa kwa Ugali

Nina shahada ya historia ya chuo kikuu, na kwa miaka ishirini na tatu niliitumia kuomba skrubu.

Hiyo ndiyo kazi niliyostaafu mwaka jana, vijana wangu, nikiwa na umri ambao wenzangu niliosoma nao ndio kwanza wanapewa magari ya serikali. Mgongo ulikataa kukaa kwenye stuli. Fundi Mhina, bosi wangu, ambaye ana miaka sabini na ushei na bado anasukuma randa kutwa nzima, anasema sikustaafu, nilitoroka. Mnisamehe basi nikiwaeleza mambo bila mpangilio. Mpangilio nilikuwa nao kazini, na mtaona ulinifikisha wapi.

Karakana yetu iko Korogwe mjini, na inatengeneza magobore ya maonyesho. Kwa waliozaliwa juzi: gobore ni ile bunduki ya mababu inayoshindiliwa baruti kwa mdomoni, kwa ufito mrefu uitwao mdeki, halafu mwenyewe unafumba jicho moja na kuomba Mungu. La kwetu halilii. Mtutu wake unakuja umezibwa kwa chuma, hauna tundu la moto, na hata ukiushindilia unga wa sembe hautatoka. Ni la kutundika ukutani, la kushikwa na wacheza ngoma, la makumbusho. Fundi Mhina alichonga mbao na kuunganisha. Mimi niliagiza vyuma kutoka ng'ambo: mtutu, mtambo wa kufyatulia, nyundo, pete za shaba, na mara nyingine kasha zima ambalo ukilifungua unakuta bunduki nzima imelala vipande vipande kama kuku wa sikukuu.

Siku ya kwanza nilipofika na vyeti vyangu kwenye bahasha ya kaki, Fundi Mhina alikuwa amebana kipande cha mninga kwenye jiliwa. Hakuinua kichwa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Kwenu wapi?"

"Kwashemshi."

Hapo akainua kichwa. Uso ukachanua kama wa mtu aliyeokota kitu. "Msambaa! Umesomea nini, wewe mla magimbi?"

"Historia."

"Vizuri sana. Kaa pale na wazee wenzako," akasema, akinionyesha kwa kidevu rundo la vyuma vyenye kutu.

Fundi Mhina ni Mzigua wa Handeni, na Wazigua na Wasambaa ni watani. Maana yake, kwa ninyi mliokulia mijini mkadhani utani ni kutumiana vikaragosi kwenye simu, ni kwamba alikuwa na haki ya kunitukana mbele ya wateja, na mimi nilikuwa na haki ya kuuliza mbele ya wateja haohao kama ameshachagua mahali pa kuzikwa. Mkataba wa kazi hatukuwahi kuandikiana. Utani ulitosha.

Sasa niwape elimu niliyoipata kwa aibu, ili ninyi muipate bure.

La kwanza, kibali kabla ya oda. Hata kama kitu hakilii, kina sura ya bunduki, na afisa wa kufungua vifurushi hana kazi ya kubashiri moyo wako. Barua ya polisi, barua ya ofisi ya utamaduni, na mchoro wa kila kipande, vyote viwe vimetangulia. Mwaka wangu wa pili nilidhani adabu inatosha. Kifurushi kikafunguliwa, afisa mmoja mama akashika nyundo ya mtambo juu juu kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika mkia wa panya. "Hiki ni nini?" Nikamjibu kwa fahari kwamba ni nakala ya mtambo wa karne ya kumi na tisa, nikaanza na biashara ya misafara, nikapita kwa machifu, nikawa naelekea kwa Wajerumani. Akanisikiliza mpaka mwisho, Mungu ambariki. Kisha akasema, "Mwalimu, nimekuuliza kitu gani, sijakuuliza cha lini." Kifurushi kilikaa pale miezi minne. Tangu hapo kila mchoro wangu nauandika juu yake kwa herufi kubwa: PAMBO LA CHUMA, HALILII.

La pili, usiamini picha isiyo na mkono wa mtu. Hili liliniponza kwa mzee mmoja mwenye nyumba ya wageni pale Mombo. Alitaka gobore la kutundika mapokezi, ili abiria wanaoshuka kununua mahindi ya kuchoma wavutike waingie wapige picha, na wakishapiga picha waone haya kuondoka bila kunywa soda. Nikakaa kwenye mtandao, nikaona kasha zuri ajabu, pete za shaba zinang'aa, maua yamechorwa kwenye mtambo. Nikaagiza. Kifurushi kilipofika, Fundi Mhina alikinyanyua kwa mkono mmoja, akakitikisa karibu na sikio.

"Mtani, vingine vinakuja lini?"

"Vingine vipi?"

Akafungua. Lilikuwa gobore kamili, halina kasoro, lenye urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi kidole. Wenzetu huko ng'ambo wanatengeneza za kuweka juu ya meza, na vipimo walikuwa wameviandika kwa maandishi madogo ambayo msomi hayasomi. Fundi aliliunganisha kwa uangalifu wote, akalipaka mafuta, akalipeleka Mombo mwenyewe ili asikose kuona uso wa mteja. Aliporudi aliniambia, "Amelipokea. Ameniuliza tu kama tuna na sungura wake."

Basi, vijana, kabla hujaagiza, mwambie muuzaji aweke kiganja chake kando ya kitu apige picha. Akikataa, ana sababu.

La tatu linahusu vipimo, na hili ndilo lililonifanya niandike yote haya. Kwa kawaida kasha likija, vyuma ni vikubwa kidogo kuliko mbao, au mbao ni pana kidogo kuliko vyuma, na fundi anamaliza ubishi kwa patasi. Mbao ndiyo inayokubali. Chuma kikikataa, unakata mti. Ukimwachia fundi nafasi ya kukata, hata mwagizaji mjinga anapata pensheni. Shida inakuja pale mteja anapokwambia mti usikatwe.

Mteja huyo alikuwa Bibi Mwanahawa wa Sindeni, kule Handeni. Alikuja karakana na binti yake, amebeba kitu kirefu kimeviringishwa kwenye kanga mbili, akakilaza juu ya benchi kama anayelaza mtoto. Ndani mlikuwa na mti wa gobore, sisi tuliuita kitako, mzima kutoka begani hadi mdomoni, mweusi kwa jasho la mikono. Vyuma havikuwepo. Marehemu mumewe, Mzee Salimu, alikuwa mwindaji enzi zake, na siku wananchi walipoombwa kusalimisha silaha zisizo na leseni alikwenda kituoni kwa miguu yake akalitoa. Afisa aliyempokea alimwona mzee anautazama ule mti, akachukua bisibisi, akafungua vyuma vyote, akamrudishia mbao. Mzee alikuwa ameuchonga mwenyewe ujanani, basi akauweka juu ya kitanda mpaka alipofariki.

"Mwezi wa tatu kutoka sasa tunasoma hitima ya mwaka," Bibi Mwanahawa alisema. "Ikiisha, mjukuu wetu mkubwa anapewa jina la babu yake. Kwetu anayerithi jina la mwindaji anapokea akiwa ameshika gobore lake. Siyo la kuazima, siyo fimbo. Lake. Nataka vyuma virudi kwenye mti huu. Visilie, sitaki matatizo na serikali. Lakini virudi."

"Vitarudi, bibi," Fundi Mhina akasema.

"Na mti usikatwe."

"Tutakata kidogo tu, pale ambapo..."

"Hata unyoya."

Fundi akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa, kwa ujasiri wote wa mtu asiyejua kushika patasi. Nilikuwa nimepata karakana moja ng'ambo inayofua chuma kwa vipimo vya mteja. Kazi ilikuwa kupima mfereji ambamo mtutu unalala, na shimo la ubavuni ambamo mtambo unaingia. Lakini Bibi hakukubali kutuachia mti wenyewe. Akauviringisha tena kwenye kanga zake. Anayetaka kupima amfuate Sindeni.

Njia ya Fundi Mhina ya kupima shimo ilikuwa nta ya nyuki. Unailainisha, unaishindilia ndani, ikipoa unaitoa na umbo zima, halafu unaipima palepale kwa kalipa, kile chuma chenye taya mbili cha kupimia unene. Akanipa bonge la nta kubwa kama ngumi, akaniambia maneno matatu: "Nta. Pima. Palepale." Yeye hakuweza kwenda, alikuwa na magobore sita ya kikundi cha ngoma yakimsubiri.

Nikafika Handeni mjini, nikachukua bodaboda ya kwenda Sindeni. Mizigo yangu ilikuwa miwili, begi na mfuko wa nta. Begi nililipakata. Mfuko nikaufunga chini, kando, mahali palipoonekana pana nafasi. Vijana mnaopanda bodaboda kila siku mmeshajua mahali hapo pana nini. Tulipofika kwa Bibi Mwanahawa, mfuko ulikuwa umebaki fundo, bomba la moshi linanukia asali, na dereva ananiuliza kama huo ni uchawi au ni biashara.

Sasa msomi yuko Sindeni, saa nne asubuhi, hana nta, ana kalipa ambayo kwa haraka ya kufunga begi ameiacha Korogwe juu ya benchi. Hili la kalipa Fundi Mhina hajawahi kulijua. Atalijua akisoma hapa, na ninamwomba akumbuke kwamba nimeshastaafu.

Mtu mwenye akili angerudi. Mimi nikaona sufuria.

"Bibi," nikasema, "naomba unipikie ugali. Mgumu."

"Una njaa, baba?"

"Hapana. Nataka kupimia."

Bibi Mwanahawa aliniangalia kwa muda, kama anayetafuta ni upande gani wa kichwa umepasuka. Kisha akainjika maji. Akasonga ugali wa dona, mgumu kiasi kwamba mwiko ulisimama wenyewe. Nikaupaka mfereji mafuta ya alizeti, nikashindilia ugali kwa kiganja huku nikipuliza vidole. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, ameziba mdomo kwa mtandio, mabega yanacheka.

"Ugali unanywea ukikauka," Bibi akasema. "Unajua hilo?"

"Kidogo sana, bibi. Kitaalamu haihesabiki."

"Hivyo ndivyo walivyokufundisha chuoni?"

"Chuoni tulisoma historia."

"Basi sawa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeelewa yote.

Ugali ulipopoa niliutoa taratibu. Ulitoka mzima, mrefu, laini kama mhogo uliomenywa, na nikajisifu moyoni. Ila tumboni mwake ulikuwa na matuta, mistari midogo iliyokaa kwa kukingama, mmoja baada ya mwingine. Nikadhani ni dosari ya uchongaji. Nikachomoa kisu kidogo niyasawazishe.

"Acha!"

Sijawahi kusikia ajuza akitoa sauti ile. Nikaacha. Akachukua mti, akauinamisha kwenye mwanga, akanionyesha ndani ya mfereji, mahali ambapo mtutu ukishalala hapaonekani na mtu. Kulikuwa na mapengo ya kisu, tisa.

"Kila nilipojifungua alifungua vyuma, akakata moja," akasema. "Hakumwambia mtu. Watu wangesema mwindaji mzima anahesabu watoto badala ya nyati. Mimi nilijua kwa sababu nilikuwa namwona nikiwa kitandani."

Nikahesabu tena, kimya kimya. Niliambiwa ana watoto sita. Hakusema lolote juu ya wale watatu, wala mimi sikuuliza. Ndiyo elimu pekee niliyoionyesha siku ile.

"Ndiyo maana usikatwe," akasema. "Umeelewa sasa?"

Nikaelewa. Nikaufunga ule ugali kwenye gazeti kama mzigo wa dhahabu, pamoja na kibonge cha shimo la mtambo, nikarudi Korogwe. Kwa bahati mbaya siku ya pili ilikuwa Ijumaa na Fundi alifunga mapema, halafu Jumamosi nikawa na msiba Kwashemshi, Jumapili nikapumzika msiba. Jumatatu nikaufungua, nikachukua kalipa, nikapima kila sehemu mara tatu, nikaandika namba hadi nukta ya pili. Lilikuwa joto la mwezi wa pili. Ugali ulikuwa mgumu kama tofali, umepasuka nyufa kidogo pembeni. Nilipima kwa usahihi mkubwa sana kitu ambacho kilikuwa kimeshakuwa kitu kingine. Fundi aliponiuliza, "Nta ilitoka vizuri?" nilijibu, "Ilitoka, Fundi," na huo haukuwa uongo.

Vyuma vilifika siku tisa kabla ya hitima. Bibi akamtuma binti yake alete mti kwa masharti kwamba hautoki machoni pake. Fundi Mhina akanawa mikono, akachukua mtutu, akaulaza kwenye mfereji.

Ukalala, kisha ukageuka upande, kama mtu mwembamba kwenye kitanda cha watu wawili.

Akachukua mtambo, akautia kwenye shimo lake. Ukaingia bila kusukumwa, ukatikisika kama jino la mtoto wa miaka saba. Nikasubiri tusi. Kwa miaka yote ile Fundi Mhina hakuwahi kukosa tusi. Safari hii alivuta stuli, akakaa, na hapo nikaogopa kweli.

"Ulipimia nini?"

"Fundi..."

"Mtani. Ulipimia nini?"

Nikamwambia. Binti wa Bibi alikuwa pale, nisingeweza hata kupunguza. Fundi Mhina alitazama mtutu, akatazama mti, akanitazama mimi, kisha akainuka akaenda nje, akasimama chini ya bati akitazama barabara. Tulimsikia akisema peke yake, polepole, kama anayejifunza lugha ngeni: "Ugali. Ugali."

Aliporudi alikuwa fundi tena. "Njia zipo mbili," akasema. "Kuagiza upya, siku hazipo. Au nibandike vipande vya mbao ndani ya mfereji, kwa gundi, nizibe hii nafasi."

"Gundi itaziba zile alama," nikasema.

"Itaziba. Na ikishika, haitoki milele."

Tukampigia simu Bibi Mwanahawa. Niliweka sauti ya wazi ili wote wasikie, kwa vile nilitaka mashahidi. Nikamweleza kuhusu gundi.

"Gundi na patasi ni ndugu," akasema.

"Bibi, chuma kimekuja chembamba, kinacheza..."

"Nilikwambia unanywea."

"Uliniambia, bibi."

"Basi. Mume wangu mwaka wa mafuriko mtutu wake ulilegea hivyohivyo. Alifunga kwa ngozi mbichi ya mbuzi, ikakauka, ikabana mpaka akaja kuikata kwa panga. Nyinyi mafundi wa Korogwe hamfugi mbuzi huko?"

Simu ikakatwa. Fundi Mhina akakuna kidevu. Akachukua kipande cha ngozi laini ya viatu, akakikunja kati ya mtutu na mti bila gundi, akautikisa. Haukutikisika sana. Akachukua kingine, akakitia kwenye shimo la mtambo. Akatazama, akaguna.

"Unajua nini, mtani? Ungepima sawasawa, wale wangeleta chuma kilichobana. Cha kubana huwa hakiingii bila kukata. Ningekata." Akautikisa mtutu tena. "Wewe ni mpumbavu mwenye bahati, na bahati yenyewe siyo yako, ni ya yule bibi."

Vijana, hiyo ni kanuni, iandikeni mahali: kama mti hauruhusiwi kukatwa, agiza chuma chembamba. Chembamba unakivisha nguo, kinene huna la kukifanya. Mafundi wakubwa wanalijua hilo kwa hesabu. Mimi nililijua kwa dona.

Siku ya hitima tulikwenda Sindeni na vipande vyetu havijaunganishwa, kwa sababu Bibi alitaka auone mfereji kabla haujafunikwa, na kwa sababu ngozi mbichi lazima ifungwe ikiwa na maji. Fundi Mhina alibeba ndoo yenye vipande vya ngozi ya mbuzi vilivyolowa, vinanuka vibaya kiasi kwamba ndani ya gari tulikaa kwa nafasi kama mabalozi. Hitima ikasomwa, watu wakala pilau, wazee wakakaa kwenye mkeka, na mjukuu mkubwa, kijana mpole wa miaka thelathini anayeuza vipuri vya simu, akakalishwa kati na kofia mpya kichwani.

Nami nilikuwa na kazi yangu. Mtani kwenye shughuli kama ile hali bure. Anatakiwa aseme, achokoze, amwige marehemu, asiwaache wafiwa wakazama. Asubuhi ile nilikuwa nimeshafanya vya kutosha: nilishavaa kofia ya marehemu, nikachechemea kama walivyoniambia alivyokuwa akichechemea, nikadai fidia ya ng'ombe watatu kwa sababu wali ulikuwa na mawe. Wazee wa Kizigua walikuwa wamenitukana mpaka nikashiba.

Kisha Bibi Mwanahawa akaletewa mti. Akaukalisha mapajani, akaingiza kidole gumba ndani ya mfereji, akakisogeza mpaka kikakutana na pengo la kwanza.

"Zaina," akasema.

"Abee, mama," akaitika mwanamke mmoja kutoka jikoni.

Kidole kikasogea. "Athumani."

"Naam."

"Mwajuma."

Hakuna aliyeitika. Bibi akangoja, muda uleule aliowapa wale wengine waitike, kisha akasogeza kidole. Watu walikuwa hawajui alama zile zipo. Wanawe wenyewe, ukimtoa yule binti, walikuwa hawajui. Niliona mwanaume mzima, mpasua mbao, anainuka kutoka uani aje kuona jina lake limekaa wapi. Majina tisa. Sita yakaitikiwa na matatu yakangojewa. Alipomaliza, kidole kikabaki kwenye pengo la mwisho na uwanja mzima ukawa kimya, ule ukimya mbaya ambao ukiachwa kidogo tu unageuka kilio.

Fundi Mhina akanichoma kiwiko ubavuni. "Mtani," akanong'ona. "Kazi yako."

Nikafungua mdomo nione kitakachotoka.

"Kumbe marehemu alijua kuhesabu mpaka tisa tu!" nikapaza sauti. "Ndiyo maana akaacha kuzaa! Wazigua mngempeleka shule mngekuwa wengi kama sisi!"

Kwa pumzi moja nikaona gari la kurudi Korogwe likiondoka bila mimi. Halafu mabega ya Bibi Mwanahawa yakaanza kutikisika. Akacheka, ajuza yule, akacheka mpaka mti ukataka kumteleza mapajani na Fundi akaudaka.

"Msambaa mshenzi wewe!" akasema. "La kumi alilitaka sana. Mimi ndiye niliyeficha kisu!"

Mkeka wote ukaangua kicheko. Zaina alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi, analia na kucheka kwa pamoja. Mjukuu na kofia yake hakujua aangalie wapi. Bibi akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akautazama mfereji mara moja tena, akaurudisha mti mikononi mwa Fundi Mhina.

"Haya," akasema. "Funika."